Mguu Nyuma ya Leso

Nina vidole tisa vya miguu. Nasema mapema ili usisome ukiwa umeshika tumbo, ukingoja kujua kama nilikatwa mguu. Sikukatwa. Kidole kimoja kilienda, mguu ukabaki, na jana ndio huo ulionitoa shambani na karai la mihogo kichwani. Nilisoma mpaka darasa la tatu, baba akaona inatosha, kwa hivyo mahali nimekosea kuandika, nyoosha mwenyewe uendelee.

Namwandikia mtu mmoja. Simjui, lakini namwona. Wiki hii ameambiwa ana sukari, na sasa amekaa jikoni anaangalia kikombe chake cha chai kama anaangalia mtu aliyemsengenya. Mama, au mzee, mimi nilikaa hapo. Sogea nikwambie.

Mimi nilianza na kiu. Ilikuwa wakati wa kupalilia mahindi, katikati ya hii miaka ya tisini. Nilikuwa nakunywa maji kata moja, ya pili, ya tatu, na mdomo bado ni kama nimelamba majivu. Halafu mkojo. Nilienda nyuma ya migomba mara nyingi mpaka njia ikajichora kwenye nyasi, na pale nilipokojoa sisimizi walijipanga kama watu wa kupiga kura. Nikawaona, nikacheka, nikaenda zangu.

Halafu nikakonda, na hapo kicheko kikaisha. Mimi nauza mihogo mikavu na wimbi katika soko la Busia tangu mume wangu akiwa hai, na nilikuwa mama mwenye mwili wake. Rinda langu la kanisani likaanza kuning'inia kama bado liko kwenye kamba. Na unajua miaka hii mtu akikonda hapa mpakani watu wanasema nini. Upande wa Uganda wanaita silimu, redio inaita ukimwi. Upande wetu hawaiti jina, wanasogeza tu kiti. Jirani yangu wa sokoni, ambaye tulikula naye ugali sahani moja miaka mingi, siku moja alikuja na sahani yake. Sikumuuliza. Alijua mimi ni mjane, akajumlisha mwenyewe.

Ndiyo maana daktari aliponiambia ni sukari, nilicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Mama Nafula, hii si mchezo. Hii haiponi. Utaishi nayo."

"Nitaishi nayo? Umesema nitaishi?"

"Ukijitunza."

"Daktari, wewe hujui nilikuja hapa kuambiwa nini."

Huyo ni Daktari Ekisa. Kwa cheo yeye ni kliniko ofisa, lakini nani ana nguvu ya kumwita mtu hivyo akiwa na homa? Kliniki yake ni vyumba viwili na baraza, nyuma ya mahali malori yanapanga foleni ya kuvuka. Alichukua mkojo wangu, akauweka na maji ya bluu kwenye kichupa chembamba, akashikilia juu ya moto mdogo. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikawa nyekundu kama tofali. "Ona," akasema, "hii ni wewe." Nikaona. Nilikuwa tofali.

Sasa nataka uelewe kliniki ile ilivyokuwa, kwa sababu na yenyewe ilikuwa ikijifunza kama mimi. Ilijua malaria. Ilijua mtoto wa kuharisha, dereva aliyepasuka kichwa, mimba. Mtu anakuja, anadungwa, anaenda, na akipona hamwonani tena mpaka homa nyingine. Mimi nilipewa vidonge, nikameza, kiu ikapungua, nikaona nimepona, nikaacha. Kiu ikarudi, nikarudi. "Mama, unaumwa nini leo?" Kama hajawahi kuniona. Nikifika na kikaratasi kile cha kwanza kimeoshwa pamoja na rinda, tunaanza upya, moto na kichupa na tofali. Mwaka mzima tuliishi hivyo. Mimi nilikuwa nakuja kama mgeni, na ugonjwa wangu ulikuwa mwenyeji.

Halafu Daktari Ekisa akaenda semina Kakamega, na akarudi na moto. Alinunua kitabu kikubwa cha jalada jeusi. Akaandika humo kila mtu wa sukari na kila mtu wa presha, jina, kijiji, na mistari ya kuweka alama kila tukija. Akatupa kadi ya manjano, akasema ukiipoteza usije bila maelezo. Akatenga Jumatano iwe yetu. Fundi akatengeneza benchi refu la kukaa barazani. Ukifika unapimwa uzito, unatoa mkojo, unavua viatu ukiwa hapo hapo kwenye benchi, halafu unaingia chumba cha ndani kuangaliwa miguu. Kila Jumatano. Uwe unaumwa, uwe huumwi.

"Naangaliwa miguu ya nini na mimi naumwa sukari?" niliuliza.

Mzee Wandera, fundi baiskeli, mtu wa presha, akajibu kabla ya daktari: "Wanataka kujua utatoroka na spidi gani."

Benchi lile lilikuwa na maneno. Wandera alikuwa akiliita kanisa la wasiopona. Mtu mpya akija anaangalia chini, na sisi tunamsogezea nafasi, tunamwambia, "Karibu, hapa hakuna anayekuuliza unaondoka lini." Nakwambia ukweli, dawa ilinisaidia, lakini benchi ndilo lililonirudisha kwa watu. Mtu akikwambia na yeye sisimizi walimfuata, unajisikia una ukoo.

Wa miguu alikuwa Sista Agneta, nesi mzee mwenye mikono baridi. Siku ya kwanza alichukua kiatu changu cha plastiki, akakipindua, na kifuniko cha soda kikaanguka sakafuni. Nilikuwa nimetembea nacho kutoka nyumbani. Nilikuwa nimekikanyaga asubuhi nzima na sikusikia kitu. Akageuza mguu wangu, akanionyesha duara la meno meno yake kwenye ngozi.

"Mama, mguu wako umelala," akasema. "Mguu ukilala, macho ndiyo yatakuwa mguu. Kila jioni kabla jua halijaingia, kaa nje, uangalie. Juu, chini, katikati ya vidole. Usipoona vizuri, mwambie mtu akuangalilie."

Nilifanya hivyo misimu miwili ya mahindi. Ndiyo misimu niliyokuwa na afya kuliko wakati wote wa ugonjwa huu.

Halafu Sista Agneta akahamia Budalang'i kwa watoto wake, na mimi nikafanya ujinga wangu.

Lazima nieleze kwanza, kama wewe si mtu wa huku. Kwetu Bukhayo mama na mume wa binti yake hawakaribiani. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Mkikutana njiani mmoja anaingia kando mpaka mwingine apite. Mkwe akija nyumbani anakaa sebuleni, mimi niko jikoni, na kama kuna neno linapitia kwa mtu wa tatu. Si chuki. Ni heshima, na mimi naipenda, kwa sababu nimeona boma ambazo mkwe na mama wa mke wanaongea kila siku, na wanachoongea ni matusi. Sasa mwili wa mama mkwe, hata kisigino, si kitu cha kuwekwa mbele ya macho ya mkwe. Hilo hatukufundishwa kwa kitabu. Tulizaliwa tukalikuta.

Binti yangu wa mwisho ni Nafula. Mwaka ule, baada ya mavuno, kijana anayeitwa Barasa alileta ng'ombe kwangu. Nilijua ni nesi katika hospitali ya misheni, mbali. Nilimwona mgongo tu akiondoka, nikasema ana mabega mazuri. Nafula baadaye akaniambia, "Mama, Barasa amepata kazi karibu." Nikasema asifiwe Mungu. Sikuuliza karibu wapi.

Jumatano iliyofuata nilikuwa kwenye benchi, nimeshavua, viatu viko mkononi. Sauti mpya ikaita kutoka ndani: "Anayefuata!" Nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni la maji mbele yake, taulo kwenye mapaja, tayari kupokea mguu. Aliinua macho, na uso ule niliujua kwa picha aliyoniletea Nafula. Mimi nimesimama peku mbele ya mume wa Nafula, visigino vimepasuka kama shamba la kiangazi. Yeye alishika taulo akajifunika uso. Mimi nikageuka. Kiatu kimoja kikaanguka, sikurudi kukiokota.

"Mama Nafula!" Wandera akapiga kelele nilipokuwa napita. "Umeona nyoka?"

"Nimeona mkwe!"

Hakuna aliyecheka, maana wote ni watu wa hapa. Mama mmoja akainua tu miguu yake ili nipite haraka.

Sikurudi. Daktari Ekisa alikuwa amefikiria kila kitu, mizani, kitabu, benchi, kichupa, na alikuwa amepata mtu anayejua vidonda kuliko yeye mwenyewe. Hakufikiria kwamba mtu huyo ameoa hapa. Na daktari mwenyewe ni Mteso wa Amukura, ana mama mkwe wake kule na anamkwepa vizuri sana. Lakini nadhani alidhani ugonjwa unavua heshima mlangoni. Kwake yeye, mguu ni mguu.

Nikaanza kuwaambia watu kwamba Jumatano naenda soko la Malaba. Na nilienda kweli, ili uongo uwe na miguu. Kule kulikuwa na kliniki nyingine, na iliniuliza kama ile ya zamani: "Unaumwa nini leo, mama?" Nikisema sukari, wananipa vidonge, basi. Hakuna kitabu. Hakuna benchi. Hakuna aliyeniambia vua viatu, na mimi nilimshukuru Mungu kwa hilo. Sikiliza vizuri hapo. Nilimshukuru Mungu kwa kitu ambacho kilikuwa kinaniua.

Vidonge vikikosekana navuka upande wa Uganda, kwa mtu mwenye kibanda cha mbao. Wiki hii vyeupe, wiki ijayo vya manjano. "Nyabo, mama yangu, ni zile zile, rangi tu," ananiambia, anafunga kwenye kipande cha gazeti. Nikameza rangi zote.

Kuangalia miguu jioni nikaacha pia. Nilikuwa nimeunganisha jambo hilo na kliniki, na kliniki na aibu. Nilikuwa nikikaa nje jua likishuka, navuta leso mpaka kwenye vidole, naangalia barabara.

Halafu ikaja ile mvua ya El Nino. Unaikumbuka, huhitaji kuambiwa. Budalang'i walikuwa wakilala juu ya paa. Kwetu maji hayakuingia nyumbani lakini hakuna kitu kilichokauka kwa wiki na wiki, mihogo iliota manyoya kwenye magunia, na miguu yangu iliishi ndani ya viatu vya plastiki vilivyojaa tope. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikapata lengelenge. Nilijua kwa sababu niliona soksi imelowa kitu kisicho maji. Hakikuuma. Nikasema kitu kisichouma si kitu. Kikawa chekundu, kikawa zambarau, halafu kikawa cheusi na kikavu kwenye ncha kama punje ya mahindi iliyoungua. Nikavaa soksi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Nafula akaja kunitembelea mvua ilipopumzika. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mwanamke mwenye mimba ana pua ya mbwa. Hakuwa amekaa hata dakika moja.

"Mama, nini kinanuka?"

"Mihogo. Si unaona mvua."

"Mihogo hainuki hivi."

"Basi ni hiyo mimba yako inakudanganya."

Alisimama, akafuata harufu kuzunguka jikoni, nyuma ya magunia, chini ya meza, mpaka akafika kwangu. Akapiga magoti na tumbo lake, akavuta soksi moja, akavuta ya pili. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Mama."

"Tangu mvua zianze."

"Na Jumatano ulikuwa unaenda wapi?"

"Malaba."

Akakaa chini sakafuni, soksi mkononi. "Barasa aliniambia jina lako halina alama kwenye kile kitabu. Jumatano baada ya Jumatano, tupu. Nikamwambia kitabu chenu ndicho kibovu, mama yangu hakosi kliniki. Tuligombana, mama. Siku tatu hatukuongea, kwa sababu yako."

"Kwa nini hakutuma mtu aniulize?"

"Angeuliza vipi? Amtume nani aseme, mwambieni mama mkwe alete miguu yake niione?"

Miezi yote nilikuwa nimefikiria aibu yangu peke yangu. Sikuwaza kwamba kulikuwa na kijana upande wa pili anayefungua kitabu kila Jumatano, anaona pengo kwenye mstari wangu, na anajua ni yeye aliyelileta.

"Nipeleke kwa mtu mwingine," nikasema.

"Hakuna mwingine wa vidonda hapa Busia kama yeye. Unataka kufa na heshima?"

"Wengi wamekufa bila."

Akaanza kulia, na mimi nikakasirika, kwa sababu nililea binti asiyelia hovyo. Mwanangu mkubwa, Wanyama, alipopata habari alisema tuite watu wa maombi kwanza, na huenda huyo mkwe mwenyewe ameleta mkosi. Nafula akamwambia, "Kaka, wewe omba ukiwa hapo hapo, sisi tunaenda." Tukaenda. Nilikaa nyuma ya boda boda, mguu umefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na kwapani nilibeba leso yangu kubwa, ile mpya niliyokuwa nimewekea Krismasi. Nafula aliuliza ni ya nini. Nikamwambia anyamaze aendeshe mimba yake.

Daktari Ekisa alifungua ule mfuko. Akabonyeza karibu na kifundo, akaangalia wekundu uliokuwa umepanda juu ya mguu.

"Mama Nafula, hii inataka mtu wa vidonda. Na mtu wa vidonda unamjua."

"Namjua."

"Nikikupeleka hospitali ya wilaya leo, sijui watakuangalia lini, na wakikuangalia nadhani watakata chini ya goti. Nikikuweka hapa na sindano, na Barasa asafishe kila siku, tuna nafasi. Ndogo. Sema wewe."

Nikatoa leso. "Una kamba?"

"Kamba?"

"Daktari, uliweka benchi, uliweka kitabu. Sasa weka kamba."

Alinielewa polepole, halafu akatoka mbio kama kijana. Wakafunga kamba kutoka kwenye dirisha mpaka kwenye msumari wa kalenda, wakaanika leso yangu katikati ya chumba. Mimi nikakaa kiti cha upande wa ukuta. Nikasukuma mguu chini ya leso mpaka upande wa pili, peke yake, kama ng'ombe anayepita chini ya ua. Nikasikia kigoda kikivutwa. Nikasikia maji. Mikono ikanishika kwenye kisigino, ambacho bado kina akili kidogo, na ilikuwa mikono ya moto.

Nafula alisimama kwenye upindo wa leso, nusu huku nusu kule.

"Mguu huu unasikia nikigusa hapa?" sauti ikauliza upande wa pili.

"Mwambie mguu hausikii," nikamwambia Nafula.

"Mama, amekusikia mwenyewe."

"Wewe mwambie."

"Anasema hausikii."

"Na hapa?"

"Mwambie hapo mguu unasikia kama mtu anabisha hodi nyumba ya jirani."

Nadhani alicheka bila sauti, kwa sababu mkono ulitikisika.

Akasafisha muda mrefu. Halafu nikasikia kitu baridi kikitembea juu ya kifundo. Nafula akaniambia anachora mstari kwa kalamu, pale wekundu ulipoishia, kuzunguka mguu mzima. Daktari akaeleza: wekundu ukirudi chini ya mstari, tunashinda. Ukivuka juu, barua inaandikwa, naenda wilaya siku hiyo hiyo.

Nililala kwa Nafula, karibu na kliniki, na Barasa akahamia kwa rafiki yake siku hizo zote ili mimi niwe na nyumba. Hilo sikuombwa nimshukuru, na sikujua nishukuru kupitia kwa nani.

Siku ya kwanza wekundu ulikuwa chini ya mstari. Ya pili pia. Sindano asubuhi, sindano jioni, matako yangu yakawa kama viazi. Siku ya tatu ulikuwa umefika kwenye wino. Niliangalia mguu wangu kuliko nilivyowahi kumwangalia mtoto mchanga. Siku ya nne nilifika, nikapitisha mguu chini ya leso. Nikasikia Daktari Ekisa akivuta kiti chake, akichana karatasi kwenye bloku ya kuandikia. Nilijua sauti hiyo. Ilikuwa barua.

"Umevuka?" nikamuuliza Nafula.

Aliyejibu ni yule wa upande wa pili, na hakupitia kwa mtu.

"Umevuka kidogo tu, mama. Upana wa ukucha." Halafu akamwambia daktari, "Nipe leo. Kidole hiki kimekufa na ndicho kinachotuma sumu. Kikiondoka sasa hivi, na kesho wekundu haujashuka, nitambeba mwenyewe mpaka wilaya."

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Mama," sauti ikasema tena, chini kabisa. "Naomba ruhusa."

Hakuna mtu aliyenifundisha cha kujibu. Mama yangu hakuwahi kuniambia mkwe akiomba kidole unasema nini. Nikaangalia maua ya leso yangu mpaka yakachanganyika.

"Kata, mwanangu," nikasema.

Sikusikia uchungu. Nilisikia chuma kikigusa kingine, na halafu kitu kidogo kikidondoka kwenye bakuli, ti, kama harage. Miaka hamsini na kitu nimekanyaga nacho dunia, kikaaga kwa ti. Halafu bandeji, muda mrefu. Na katikati ya bandeji nikasikia mtu upande wa pili anavuta kamasi. Nikajifanya sikusikia. Hiyo pia ni heshima.

Kesho yake wekundu ulikuwa kwenye mstari. Kesho kutwa ulikuwa chini, upana wa kidole. Wiki iliyofuata mstari wenyewe ulifutika kwa kuoshwa na hakuna aliyeuchora tena.

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Tulipanda mahindi kikiwa wazi, tukapalilia kikiwa kama sarafu, tukavuna kikiwa kovu. Nafula akazaa katikati ya kupalilia, msichana, ana mdomo kama wangu. Jirani yangu wa sokoni alikuja kuniona na uji usio na sukari, akakaa mpaka tukanywa kikombe kimoja, zamu kwa zamu. Hakueleza na sikumwambia aeleze.

Na leso haikushuka. Jumatano ya kwanza niliporudi kwenye benchi, Wandera aliuliza, "Mama Nafula, na sisi tusio na mkwe ndani tunaweza kuangaliwa huko kwenye maua?" Watu wakacheka, lakini mama mmoja akanivuta pembeni akasema na yeye Barasa ni mwana wa dada wa mkwe wake, na miezi yote alikuwa akijifanya ana haraka, anaondoka baada ya mkojo. Mwingine akasema yule anayetoa dawa dirishani ni mkwe wake kabisa, ndiyo maana dawa anachukuliwa na mtoto wa jirani. Tulikuwa wengi. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na kila mmoja ana pengo lake kwenye kitabu. Daktari Ekisa alisikiliza yote hayo barazani, mikono nyuma. Siku hizi mtu mpya akija, kabla ya uzito na kabla ya mkojo, anamwuliza: "Hapa ndani kuna mtu usiyeweza kukaa naye?" Anaandika kwenye kadi. Na msumari wa kalenda wametoa, wameweka chuma kizuri cha pazia.

Kile kiatu changu nilichoangusha nikakikuta juu ya kabati la kliniki, kimefungwa kwenye gazeti. Barasa alikuwa amekiweka miezi yote hiyo. Sehemu ya mbele ilikuwa imekatwa kwa wembe ili vidole vipate nafasi.

Kwa hivyo wewe mwenye kikombe cha chai, nisikilize. Kunywa bila sukari, baada ya mwezi ulimi utazoea, na asiyezoea anajidanganya. Tafuta kliniki yenye kitabu, ambayo itajua kama hukuja. Vua viatu. Na kama kuna jambo linalokuzuia kuvua, aibu, mila, mtu, usikimbie nalo Malaba kama mimi. Liseme kwa sauti pale kwenye benchi. Mimi nilinyamaza nikapoteza kidole.

Jumapili iliyopita tulimpeleka mtoto wa Nafula kubatizwa, na baadaye wakaja wote kwangu kula. Barasa sebuleni na wanaume, mimi jikoni na masufuria, pazia la mlango katikati, kama inavyotakiwa. Tangu siku ya kidole hatujaongea ana kwa ana na hatutaongea. Nilikuwa nageuza ugali nikasikia kigoda kikivutwa karibu na mlango, upande wa pili, na sauti ikisema na mtu, au na hewa:

"Jua linashuka. Sijui kama miguu ya nyumba hii imeangaliwa leo."

Haikuwa imeangaliwa. Wageni, kuku, moshi, nilikuwa nimesahau kabisa. Nikapangusa mikono, nikavua viatu, nikakaa kwenye gogo, nikapitisha wa kulia chini ya pazia, halafu wa kushoto. Mikono ya moto ikashika kisigino. Ikaangalia juu, chini, katikati.

"Moja," akahesabu. "Mbili. Tatu." Akaenda hivyo bila haraka mpaka akafika tisa. "Vyote viko."

Nikavuta miguu yangu ndani, nikaendelea na ugali.